Kura Iliyowapeleka Vijana Vitani

Usiku wa tarehe 1 Desemba 1969, mjini Washington, chombo kikubwa cha kioo kiliwekwa mbele ya watu, nacho kimejaa vidonge vya plastiki 366. Ndani ya kila kidonge mlikuwamo tarehe moja ya mwaka. Ya kwanza kutolewa ilikuwa 14 Septemba. Kijana aliyezaliwa siku hiyo, kati ya mwaka 1944 na 1950, alijua ya kuwa ataitwa jeshini mapema, na pengine kupelekwa Vietnam.

Wanafunzi wa vyuo vikuu waliweza kuahirishiwa wito, hata mzigo ukawaelemea zaidi wana wa watu wa kazi za mikono. Tena, ajabu ni hii: kijana wa miaka 18 aliweza kuamriwa kwenda kufa, lakini katika majimbo mengi hakuruhusiwa kupiga kura mpaka atimize miaka 21. Katiba ilirekebishwa mwaka 1971.

Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita vile. Mwaka 1973 wito wa lazima ulikomeshwa. Mwaka huo huo Congress, ijapokuwa Rais Nixon alikataa, ilipitisha sheria ya kwamba Rais akipeleka askari vitani aiarifu katika muda wa saa 48, wala asiendelee kupigana kupita siku 60 bila idhini yake. Marais waliofuata wameibishia sana sheria hiyo.

Vita vya Afghanistan, tangu 2001 hata 2021, vilipiganwa na askari waliojiandikisha kwa hiari. Nyumba nyingi za Marekani hazikuwa na mtu wa kumngojea.