Chakula cha Nyoka: Panya Hai au Panya wa Barafu?

Aliyeumwa na nyoka, wasema wazee wetu, akiona ung'ongo hushtuka. Sisi watu wa pwani nyoka hatuna mapenzi naye. Akionekana uani hukimbiliwa fimbo kabla hajaulizwa jina. Basi msomaji ataniwia radhi nikimwambia kwamba katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ile iitwayo Eastlands, nimewaona vijana wamfugao nyoka ndani ya sanduku la kioo, wakimbadilishia maji na kumpimia joto kama mtu aleaye mwana.

Jambo lenyewe si geni kabisa mjini humo. Bustani ya Nyoka iliyo kando ya Makumbusho ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1961, na watoto wa shule wa vizazi kadha wamepelekwa huko kumtazama chatu, swila na moma nyuma ya kioo. Kwetu pwani nako, pale Watamu, lipo shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa 1980 na James Ashe na mkewe. Lakini ya makumbusho ni ya makumbusho, na ya nyumbani ni mengine. Sheria ya wanyamapori ya 2013 yamtaka mtu awe na kibali kabla ya kumfuga mnyama wa porini, na nyoka wa nchi yetu ni mnyama wa porini. Asiye na kibali asinisome akadhani nampa ruhusa.

Mwenye kibali ana swali moja lisilomwacha kila wiki: amlishe nini? Nyoka hali mchicha wala ugali. Wale wafugwao sana, chakula chao ni panya. Na hapo ndipo wafugaji walipogawanyika makundi mawili. Kuna wampao nyoka panya aliye hai, na kuna wampao panya aliyekwisha kuuawa, akagandishwa kwenye barafu, kisha akayeyushwa.

Kijana mmoja wa Umoja alinikaribisha kwao nikaone. Anaye nyoka wa nyumbani, yule wa rangi ya kahawia asiye na sumu, ambaye makaazi yake ni humuhumu Afrika Mashariki. Kibali chake amekitundika ukutani karibu na kalenda ya msikiti. Nikamuuliza wewe u kundi gani?

"Ustadh," akanijibu, "mimi nataka ya barafu, lakini friji ni ya mama."

Mama mwenyewe alikuwa jikoni, akasikia. "Friji hiyo ina maziwa ya wajukuu na nyama ya Ijumaa," akasema. "Panya hatalala humo maadamu mimi ni hai."

Nilicheka, lakini maneno ya mama si ya kuchekwa. Tuzitazame hoja moja moja.

Wenye kutetea panya hai husema kwamba nyoka huamshwa na mtikisiko wa kiumbe anayekwenda. Nyoka aliyekamatwa porini huenda akakataa katakata kitu kisichotikisika. Husema pia kwamba panya hai hataki friji wala stima. Mwenye dume na majike mawili ya panya weupe katika sanduku la maranda ana ghala tayari, kwani panya jike huchukua mimba wiki tatu tu, na wanawe wakitimiza wiki sita au nane nao huanza kuzaa.

Hoja hizo zina uzito. Lakini watu wanaojua nyoka watakwambia kwamba katika sanduku la kioo anayeumizwa si panya peke yake. Panya ana meno yasiyokoma kukua, na anajua kuyatumia. Nyoka asipokuwa na njaa, au akiwa yu karibu kujivua gamba, humwacha panya akizunguka; na panya akikaa usiku kucha humo huanza kumtafuna nyoka mgongoni. Nyoka wengi wa kufugwa wamepata vidonda hivyo, na wengine wamekufa. Mfugaji aliyedhani analisha nyoka hukuta asubuhi kwamba amelisha panya.

Panya wa barafu haumi. Ulaya na Marekani huuzwa kwa ukubwa, toka kichanga kisicho na manyoya mpaka panya mzima, na kukaa kwake kwenye baridi kali kwa wiki kadha huua wadudu wengi wa mwilini, ingawa si vijidudu vyote vya maradhi. Ana masharti yake. Ayeyushwe mpaka ndani, kisha atiwe katika maji ya moto kiasi, apate joto la mwili. Kwani chatu ana vijishimo mdomoni vya kuhisia joto, na kitu baridi kwake si chakula. Asipikwe wala asitiwe katika joko la umeme. Ashikwe kwa koleo ndefu na kutikiswa mbele ya nyoka, mkono wa mtu usije ukadhaniwa ndio windo. Unene wake usizidi sana unene wa nyoka pale alipo mnene. Na akishayeyuka asirudishwe barafuni. Sharti hili la mwisho ndilo gumu Eastlands, ambako stima ikikatika jioni hujui itarudi lini, au tokeni ikaisha mshahara haujaingia.

Wapo wanaotafuta njia ya tatu, nayo ni mbaya kuliko zote: kumtega panya wa mtaroni. Hao ni wa bure, na Eastlands hawakosekani. Lakini panya wa mtaa huenda amekwisha kula sumu aliyotegewa na jirani, na sumu hiyo yaweza kumdhuru nyoka aliyemmeza. Tena hubeba maradhi yanayompata hata binadamu amshikaye. Nairobi ilikwisha kuonja balaa la panya mapema: mwaka 1902 tauni ilipoingia katika bazari ya Wahindi, bazari nzima ilitiwa moto kwa amri ya wakubwa.

Sasa nirudi kwa yule mama na friji yake, maana ndani ya maneno yake mna fikihi. Sote twaijua hadithi ya Bibi Maymuna, panya alipoangukia samlini, Mtume (s.a.w.) akaamrisha atupwe yeye na samli iliyomzunguka. Mzoga wa panya ni najisi, na friji ya familia si mahali pake. Kijana na atafute kijifriji chake, hata kiwe kikuukuu. Liko na la pili. Katika hadithi ya Jabir, kuuza mzoga kumekatazwa. Mwislamu atakaye kununua panya waliokufa, hata wafungwe katika karatasi nzuri namna gani, kwanza amwendee shekhe wake amuulize. Mimi si mufti, nimesoma chuoni na nikaishia kwenye ushairi.

Lakini liko jambo lisilohitaji mufti. Panya ni katika wale watano walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Wako vijana waliolishika hilo wakasema: basi kuna ubaya gani akiliwa yu hai? Ubaya ni huu, kwamba ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Mtume huyohuyo amekataza kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha, akaamrisha kwamba tukiua tuue vizuri na tukichinja tunoe kisu. Na yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, kosa lake lilikuwa kumfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie.

Wataniambia: porini je, nani humuulia nyoka panya wake? Ni kweli, hakuna. Lakini porini panya ana shimo la kukimbilia. Sandukuni ana kuta nne za kioo, na aliyezijenga kuta hizo si nyoka, ni mtu. Hofu ya panya humo ni juu ya shingo ya aliyemtia.

Wala kwenda kwenye barafu hakumtoi mtu katika jukumu. Nimesikia wako wamtiao panya hai ndani ya friji wakafunga mlango, wakidhani wamechagua huruma. Huko ni kumwua polepole kwa baridi. Panya auawe kwanza, kwa mkono uliofunzwa na daktari wa mifugo, kwa mara moja. Kisha ndipo agandishwe. Asiye na friji na amwue hivyohivyo siku ya kulisha, ampe nyoka akiwa bado ana joto. Hivyo hahitaji stima, wala nyoka hatafunwi, wala panya hazungushwi kiooni akitafuta mlango usiokuwapo. Na nyoka mbishi hufundishwa kula kilichokufa kidogo kidogo. Mzima wa afya aweza kungoja wiki mbili bila ya madhara.

Kilichonitia uchungu zaidi Eastlands si nyoka wala panya. Yule kijana aliniambia kwamba watoto wa ploti humgongea mlango siku ya kulisha wakisema, "Mpe hai, tuone!" na kwamba mwenziwe mtaa wa pili huwatoza shilingi kumi kumi kwa kutazama. Yeye amekataa, na siku ya kulisha hufunga pazia. Nami namwunga mkono. Mtoto anayelipa ili aone kiumbe akitetemeka atakuwa mtu mzima kesho, na wanaotetemeka mbele ya watu wazima si panya peke yao.