Je, Wajua? Inspekta wa Runinga na Makachero wa Sebuleni

Je, wajua kwamba inspekta aliyewachekesha Wakenya kwa miaka mingi ana jina la mahali? Mwala ni eneo la Kaunti ya Machakos, upande wa kaskazini wa milima ya Mbooni. Mtu wa miji ya Mbooni kama Kikima au Tawa akilisikia jina hilo kwenye runinga, haelezwi ni la wapi. Kipindi cha Inspekta Mwala kilikuwa cha Citizen, na mwigizaji wake mkuu ni Davis Mwabili, ambaye pia amekuwa mtangazaji wa Radio Citizen. Jina la kuigiza limemmeza kabisa. Hata redioni, pasipo kamera wala magwanda, wasikilizaji wamekuwa wakimwita Inspekta.

Kabla yake jambo hilo lilishamkuta Benson Wanjau. Kwa miongo mingi alikuwa Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi, akizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo iliyoiva. Watazamaji wengi walishangaa kugundua kwamba alikuwa Mkikuyu. Alifariki Julai 2015, na rambirambi nyingi zilimtaja Ojwang' kabla ya kumtaja Wanjau. Mtazamaji wa Kenya akimpenda mhusika, humpa uraia, na cheti cha kuzaliwa cha mwigizaji hakimbabaishi.

Je, wajua ni kwa nini kichekesho cha polisi humfanya mtazamaji apige kelele, ilhali filamu ya upelelezi mtupu humnyamazisha? Siri ni nani anajua nini, na anakijua lini. Katika hadithi ya kawaida ya upelelezi tunafichwa mhalifu hadi mwisho, na tunaumiza vichwa pamoja na kachero. Mwaka 1912 mwandishi Mwingereza R. Austin Freeman aliugeuza mpango huo katika kitabu The Singing Bone. Msomaji huonyeshwa uhalifu mwanzoni, kisha hukaa kitako kuangalia mpelelezi atafikaje pale ambapo yeye ameshafika. Luteni Columbo wa Marekani, aliyeigizwa na Peter Falk kuanzia 1968, aliishi kwa mpango huo: koti la mvua lililokunjamana, maswali yanayoonekana ya kipumbavu, na muuaji tunayemjua tangu dakika za kwanza.

Kichekesho cha polisi kinakwenda mbele zaidi. Sisi tunamwona mwizi amejificha nyuma ya pipa. Inspekta naye ameegemea pipa hilohilo, anampigia simu bosi wake kumhakikishia kwamba eneo lote limezingirwa. Hapo ndipo susu, yaani nyanya kwa Kikamba, aliyekuwa akimenya mbaazi taratibu anaposimama na sahani yake: “Yuko hapo! Nyuma yako! We mwanangu, geuka!” Wajukuu wanaangua kicheko, nusu kwa sababu ya inspekta na nusu kwa sababu ya susu. Waandishi wa vichekesho wanaotaka kujua kama kazi yao imefaulu wangeenda kwanza kuwasikiliza wale wanaoizungumzisha skrini. Mimi siamini kwamba mtazamaji anayefanya hivyo haelewi maigizo. Ameshika kazi iliyomshinda inspekta.

Kazi hiyo haikuja na runinga. Je, wajua kwamba Ukambani watoto walikuwa wakifundishwa kunusa dalili na kufumbua fumbo kabla ya shule ya kwanza kujengwa? Anayetega husema “Kwata ndaĩ!” na wenzake hujibu “Nakwata!” Kisha wanapewa vipande viwili vitatu vya ushahidi, na ni lazima wamtaje mshukiwa. Msomi wa Uswidi Gerhard Lindblom alikaa miongoni mwa Wakamba mnamo 1911 na 1912, na juzuu moja ya mkusanyo wake, iliyotoka 1934, ilihusu vitendawili, methali na nyimbo zao. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha Akamba Stories mwaka 1966, kitabu cha hadithi alizozikusanya kwao, kabla ya dunia kumjua kama mwanatheolojia. Ukiwa umekulia katika michezo hiyo, huwezi kukaa kimya inspekta anapopita dalili iliyolala wazi mezani. Kumjibu ni adabu ya mchezo wenyewe.

Waswahili wa pwani na visiwani nao wana kachero wao, na ni mkubwa kwa umri kuliko wote wa runinga zetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1960. Humo tunakutana na Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum, na Inspekta Seif. Angalia nani ni nani: afisa wa serikali ndiye anayeachwa nyuma, na raia mtulivu ndiye anayefumbua. Hicho ndicho kiti ambacho mtazamaji wa leo amekikalia. Anataka inspekta awe na cheo na yeye mwenyewe awe na akili.

Je, wajua kwamba kichekesho kilekile hukuchekesha zaidi ukiwa na wenzako? Robert Provine, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, alikuta kwamba watu hucheka takriban mara 30 zaidi wakiwa pamoja na wenzao kuliko wakiwa peke yao bila runinga, redio wala kitabu. Wenye stesheni za Marekani walishalihisi jambo hilo zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 fundi wa sauti Charles Douglass alitengeneza mashine yenye vicheko vilivyorekodiwa, akawa anavibonyeza palipohitajika ili mtu aliye peke yake sebuleni ajione yumo kwenye umati. Katika nyumba nyingi za Mbooni mashine hiyo haina kazi. Runinga ni moja, na jirani ambaye yake imeharibika ameshafika na kigoda chake. Ndiyo sababu siamini sana hukumu ya mtu aliyekitazama kipindi kipya cha vichekesho peke yake, kwenye simu, ndani ya matatu, kisha akasema hakichekeshi. Amekionja nusu tu.

Kicheko kinachoambukiza kina upande wake wa huzuni pia, na Afrika Mashariki ndiyo iliyoipa dunia mfano unaotajwa zaidi. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hali hiyo ikaenea hadi kwa wanafunzi 95 kati ya 159, na mnamo Machi shule ikafungwa. Madaktari walioandika juu ya tukio hilo mwaka uliofuata hawakupata ugonjwa wowote wa mwili. Hapakuwa na utani wala kichekesho, na wasichana wale hawakuwa na furaha. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama mzaha, jambo ambalo hunikera.

Turudi vilimani. Je, wajua kwamba mlima unaweza kuamua nani acheke na nani asicheke? Mawimbi ya runinga husafiri kwa mstari ulionyooka, au karibu na hivyo, na kilima kikikaa kati ya mnara na nyumba, nyumba hiyo hubaki kivulini. Mbooni ni nchi ya miteremko na matuta, kwa hiyo nyumba mbili zinazosalimiana kwa sauti zinaweza kuwa na bahati tofauti kabisa. Waliokulia huko wanaijua shughuli yenyewe: kijana anauzungusha mlingoti wa ariali nje, baba yuko mlangoni akipokezana maneno na walio ndani. “Bado!” “Bado!” “Hapo! Hapo! Umepitiliza, rudisha kidogo!” Enzi za analogi wimbi dhaifu lilileta chenga, lakini sauti ilisikika na mtu aliambulia utani. Dijitali haina huruma hiyo. Kisanduku cha king'amuzi hurekebisha makosa ya mawimbi hadi kiwango fulani, na zaidi ya hapo picha huganda na sauti hukatika, pengine sekunde ileile inspekta anapofungua mlango wa kabati.

Kuhamia dijitali kwenyewe kulikuwa kisa. Februari 14, 2015, Citizen, NTV na KTN zilitoweka hewani katikati ya mvutano kati ya wamiliki wake na serikali, na zikakaa nje kwa karibu majuma matatu. Redio haikuguswa. Radio Citizen na Musyi FM ya Kikamba ziliendelea kama kawaida, na sauti ya Inspekta ikabaki nyumbani hata sura yake ilipokosekana.

Je, wajua kwamba Inspekta Mwala alianza kazi kabla Kenya haijawa na Inspekta Jenerali? Mkuu wa polisi aliitwa Kamishna hadi Katiba ya 2010 ilipobadilisha cheo hicho, na David Kimaiyo akawa wa kwanza kukishika, mwishoni mwa 2012. Inspekta wa kawaida yuko mbali sana chini yake: juu ya Sajini Mwandamizi, chini ya Inspekta Mkuu. Ni cheo kizuri kwa kichekesho, kwa kuwa mwenye nacho ana wa kumfokea na ana wa kumfokea yeye.

Nao makachero wa kweli wameonja utamu wa kusimulia. Karibu na mwaka 2021, Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, iliwavutia Wakenya wengi kwa taarifa zake za mtandaoni. Kukamatwa kwa mshukiwa kulisimuliwa kwa mbwembwe na mizaha kama sura ya riwaya, na watu wakawa wanangoja taarifa inayofuata. Nilizisoma kwa hamu, lakini pia kwa wasiwasi. Mshukiwa wa kichekesho ni mwigizaji na ataenda zake nyumbani jioni. Yule wa taarifa bado hajasikilizwa na hakimu, na ameshachekwa na nchi nzima.

Hapo ndipo vichekesho vyetu vya polisi vinapopaswa kuangaliwa kwa jicho kali, hata na sisi tunaovipenda. Noti inayopita chini ya meza ya ripoti huchekesha kila mara, na ikirudiwa mno mtoto anayetazama anaweza kudhani ndio utaratibu. Utaratibu wenyewe ni huu: dhamana ya polisi hailipiwi, na fedha ya dhamana ikitakiwa, hutolewa kwa risiti. Taarifa ikiandikwa katika kitabu cha matukio, kile ambacho kila mtu anakiita OB, hupewa namba inayoambatana na tarehe, na aliyeripoti ana haki ya kuondoka nayo bila kutoa senti. Katika kichekesho mshukiwa anaweza kusahaulika selo hadi kipindi cha wiki ijayo. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa mahakama imefungwa, na kwa aliyekamatwa huku Mbooni mahakama hiyo huenda ikawa ile ya Tawa.