Viungo vya Mbao katika Kasha la Spika

Seremala wa Songwa, wilayani Kishapu, atengenezapo kasha la spika za harusi au za mikutano ya hadhara, hukabiliwa na swali lisilomsumbua mtengeneza meza: je, pembe za kasha zitaendelea kuizuia hewa isipite? Kasha lenye ufa ni hasara kwa mwenye mali. Tena ni upotevu wa mbao katika mkoa ambao misitu yake ilifyekwa sana, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ili kuirudisha.

Kwanza yafaa tuelewe kazi ya kasha. Koni ya spika inaposukuma hewa ya mbele, wakati huohuo huivuta ile ya nyuma. Mawimbi ya pande hizo mbili huwa kinyume, na yakikutana hufutana. Sauti nzito ndizo zidhurikazo zaidi. Mtetemo wa mara 100 kwa sekunde hufanya wimbi lenye urefu wa mita 3.4 hivi, nalo hulizunguka kasha dogo bila kizuizi. Basi kasha huyatenga mawimbi hayo. Ufa mwembamba hupunguza sauti nzito na huweza kuleta mlio wa kufoka.

Adui wa pili ni ubao wenyewe. Wakati wa mvua hunywa unyevu na kutanuka. Wakati wa kiangazi husinyaa. Mabadiliko hayo hutokea katika upana wake. Katika urefu ni madogo mno. Kwa hiyo nyuzi za mbao nne za ubavuni, juu na chini sharti zilizunguke kasha kwa mwelekeo mmoja, ili zitanuke na kusinyaa pamoja.

Kiungo rahisi kuliko vyote ni cha kuegemeza ncha ya ubao kwenye ubao mwingine na kupiga misumari. Gundi haishiki vema kwenye ncha, kwa kuwa nyuzi zilizokatwa huinyonya, na misumari hulegea kwa mitetemo. Kiungo hicho hakifai mpaka kitiwe kipande cha mbao katika pembe ya ndani, kwa gundi na skurubu.

Kiungo cha ngazi, ambapo ukingo wa ubao mmoja huchongwa ili upokee mwingine, ni bora zaidi: huongeza eneo la gundi, na hewa hulazimika kupinda ili itoke. Kwa plaiwudi, hiki chatosha kabisa. Kiungo cha nyuzi 45 hupendeza macho, lakini peke yake ni dhaifu. Kiungo cha meno yaliyopanuka kama mkia wa njiwa ndicho imara kwa mninga, ingawa hudai muda na mkono stadi.

Ubao wa mbele na wa nyuma na uwe wa plaiwudi, kwani tabaka zake zilizopishanishwa huzuiana zisisogee.

Mwishoni, kasha lililozibwa pande zote lijaribiwe. Bonyeza koni taratibu kwa vidole, kisha iachie. Ikirudi polepole, viungo vimeshika. Ikirudi mara moja, hapana budi kuutafuta ufa kabla ya kupiga rangi.