Soko la jazi: dakika nyingi, senti chache

Mwaka 2022 mpiga gitaa Jeff Parker alitoa albamu ya santuri mbili, *Mondays at the Enfield Tennis Academy*, iliyorekodiwa mubashara katika baa moja ya Los Angeles. Ina nyimbo nne tu, kila mmoja ukijaza upande mzima wa santuri. Mwenye kuisikiliza mpaka mwisho anakaa kitako zaidi ya saa nzima. Kwenye daftari la jukwaa kama Spotify, msikilizaji huyo ameandikwa mara nne.

Huko ndiko tatizo la biashara hii lilikoanzia. Wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa zikishapita sekunde 30, na baada ya hapo dakika mbili na dakika ishirini hulipwa sawasawa. Chukua *The Epic* ya mpiga saksafoni Kamasi Washington, iliyotoka 2015: nyimbo 17, karibu saa tatu. Anayeimaliza ameingiza hesabu 17. Jirani yake aliyetumia muda huohuo kusikiliza nyimbo za dakika tatutatu ameingiza zaidi ya 55. Na fungu la fedha ni moja: takriban theluthi mbili ya mapato ya Spotify huenda kwa wenye haki, kila mmoja kwa kadiri ya sehemu yake katika hesabu ya jumla. Jazi, ambayo nchini Marekani ni kama asilimia 1 ya muziki wote unaosikilizwa, inafika kwenye mgao huo ikiwa imeshapunjwa. Tangu 2024 kuna sharti jingine: wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haupati kitu.

Jazi ninayoizungumzia, isichanganywe na ya Morogoro Jazz au Tabora Jazz, bendi zetu za dansi, ni ile ya New York, Chicago na London. Watu wake ni hodari wa ala, na siku hizi baadhi yao wamekuwa hodari wa mahesabu pia.

Aliyeng'amua mapema ni Maria Schneider, mtunzi na kiongozi wa bendi kubwa jijini New York. Alijiunga na ArtistShare, mtandao ambao mashabiki hulipia albamu kabla haijarekodiwa na hufuatilia inavyotengenezwa. Albamu yake *Concert in the Garden* ya 2004 ilishinda tuzo ya Grammy bila kuuzwa katika duka lolote, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwaka 2020 akatoa *Data Lords*, albamu pacha ambayo nusu yake inayasuta makampuni makubwa ya teknolojia, na ikampa Grammy mbili. Mwaka huohuo aliishtaki YouTube mahakamani kuhusu ulinzi wa hakimiliki za wasanii wadogo. Kesi hiyo haikumpa alichokitaka, lakini msimamo wake wa kibiashara umebaki palepale: albamu zake haziweki kwenye majukwaa ya kusikiliza kwa bei ya chee. Anauza kwa watu wachache wanaolipa bei kamili, na masta, yaani rekodi asilia, ni mali yake.

Mpiga besi Esperanza Spalding naye alicheza karata ya uhaba. Mwaka 2017 alijifungia studio saa 77 mfululizo, dunia ikimtazama mtandaoni akitunga na kurekodi albamu *Exposure*. Nakala zilizotengenezwa ni 7,777, basi. Hila kama hiyo haifai kurudiwa kila mwaka, na inamfaa mwenye jina. Kijana ambaye hajajulikana akitoa nakala 7,777, nyingi zitamzeekea chini ya kitanda.

Upande wa gharama, nakiri nawapenda watu wa Chicago. Lebo ya International Anthem ilianzishwa 2014, na mwaka uliofuata ikatoa *In the Moment* ya mpiga dramu Makaya McCraven. Malighafi yake ilikuwa maonyesho 28 yaliyorekodiwa kwa mwaka mzima katika ukumbi mmoja, takriban saa 48 za muziki wa kubuni papo hapo. McCraven akabeba kanda zile nyumbani, akakatakata na kuunga, ikapatikana albamu. Studio ya gharama haikuhitajika. Alipofika kwenye kazi kubwa zaidi, *In These Times* ya 2022, lebo hiyo iligawana mzigo na lebo za Nonesuch na XL. Sijaona mpango mwingine wa kugawana hasara uliokaa vizuri namna hiyo katika fani hii.

Halafu kuna santuri, ambayo wengi tuliizika. Mwaka 2020 mauzo ya santuri Marekani yaliizidi CD kwa thamani, mara ya kwanza tangu miaka ya 1980, na 2022 yakaizidi hata kwa idadi. Kwa jazi hii ni neema yenye mashaka. Mnunuzi wa santuri hulipa vizuri, lakini mara nyingi anawanunua marehemu. Blue Note, kampuni iliyoanzishwa 1939, tangu 2019 inatoa mfululizo wa Tone Poet, matoleo ya kifahari ya albamu zake za zamani, ambazo gharama zake za studio zililipwa zamani za kale. Mwanamuziki aliye hai anashindana na marehemu hao rafu kwa rafu, na katika foleni ya kiwandani pia. Kiwanda cha Apollo Masters huko California kilipoungua Februari 2020, dunia ilibaki na mtengenezaji mmoja tu mkubwa, wa Japani, wa sahani za laka zinazotumika kuchonga santuri ya kwanza. Wenye oda ndogo ndio waliosubiri zaidi.

London imepita njia nyingine: kwanza wanamuziki, soko baadaye. Taasisi ya Tomorrow's Warriors imekuwa ikiwafunza vijana tangu 1991, na huko ndiko walikokutana wanabendi wa Ezra Collective. Mwaka 2023 walitwaa tuzo ya Mercury Prize, wa kwanza wa jazi kuipata. Zawadi yake ni pauni 25,000, ambazo zikigawanywa kwa watu watano si utajiri. Faida yenyewe ilikuja Novemba 2024 walipoijaza Wembley Arena. Kwa bendi kama hiyo albamu ni tangazo la tiketi.

Wasioweza kujaza Wembley wanafundisha. Mpiga piano Vijay Iyer ni profesa Harvard tangu 2014. Nduduzo Makhathini wa Afrika Kusini, aliyesainiwa na Blue Note na ambaye albamu yake ya 2022 ndiyo iliyofungua tawi la Blue Note Africa, amefundisha Chuo Kikuu cha Fort Hare. Mshahara wa darasani ndio unaolipia studio. Ukweli huu hautajwi kwenye majalada ya albamu, nami naona ungestahili.

Kwa mpiga saksafoni wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kurekodi jazi leo, ushauri wangu ni mfupi: rekodi jukwaani palipo na watu waliolipa kiingilio, wala usisaini karatasi inayokunyang'anya masta kwa ajili ya ahadi ya kusikilizwa na mamilioni. Nawe msomaji, ukimpenda mwanamuziki, nunua kwake moja kwa moja, kwa mfano kupitia mtandao wa Bandcamp. Mtandao huo umeshauzwa mara mbili, kwa Epic Games mwaka 2022 na kwa Songtradr mwaka uliofuata, na nusu ya wafanyakazi wake wakapoteza kazi, lakini makato yake bado ni asilimia 15 kwa albamu ya kupakua na 10 kwa santuri. Kinachobaki, ukitoa ada ya malipo, ni cha muuzaji.