Rauta ya Nyumbani: Funguo Ziko kwa Nani?

(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao karibu kila mwenye simu nchini ameshaupokea. Tuliona kwamba tapeli anayeutuma havunji kitu chochote. Anaomba tu, na mwenye haraka anampa. Leo tunaingia ndani ya nyumba kuangalia rauta, kamera za ulinzi na laini inayoviunganisha na intaneti. Swali letu ni moja: funguo za vitu hivyo ziko kwa nani?

Nachukua mfano wa Zinga, kata ya Wilaya ya Bagamoyo iliyo kando ya barabara itokayo Dar es Salaam, kwa sababu hali ya pale inafanana na ya vitongoji vingi vinavyokua pwani yetu. Maeneo yaliyokuwa mashamba yamekatwa viwanja. Wapo waliojenga lakini bado wanaishi mjini, na nyumba wamemwachia msimamizi. Mtu wa namna hiyo hufunga kamera ili akiwa Kariakoo au Tegeta aone nani kaingia getini. Pasipofika kebo ya faiba, fundi huja na rauta inayotumia laini ya simu. Anachomeka laini, anafunga kamera kwenye kona za nyumba, anapakua programu kwenye simu ya mwenye nyumba, na picha zinaonekana.

"Bosi, nimekuwekea namba rahisi, moja mpaka nane, hutasahau."

Bosi anafurahi, analipa, fundi anapanda bodaboda. Hakuna mwenye nyumba anayekubali fundi wa milango aondoke na funguo za akiba mfukoni. Lakini huyu wa kamera ameondoka na funguo nne, wala hakuna aliyemuuliza.

Ufunguo wa kwanza ni nywila ya waifai, ile unayomwambia mgeni akitaka kujiunga. Huu watu wengi wanaujua. Moja mpaka nane haifai, wala namba yako ya simu, wala jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Chagua maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, yaunganishe, uongeze tarakimu. Sentensi ndefu ya hovyo ni ngumu kubahatisha na rahisi kukumbuka kuliko herufi sita zilizochanganywa. Kwenye aina ya ulinzi chagua WPA3 kama ipo, la sivyo WPA2. Kuna pia huduma iitwayo WPS, inayomruhusu mtu kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba fupi. Izime, maana ile namba fupi hubahatishwa kwa programu inayopatikana bure.

Ufunguo wa pili ndio unaosahaulika zaidi: nywila ya rauta yenyewe. Jiunge na waifai ya nyumbani, fungua kivinjari cha simu, kisha andika anwani iliyochapishwa kwenye kibandiko chini ya rauta. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na kwa baadhi ya rauta za laini ni 192.168.8.1. Utaulizwa jina na nywila. Kwenye rauta nyingi za zamani majibu yote mawili ni neno moja, "admin", na anayelijua ameshaingia. Humo ndani anaweza kusoma nywila ya waifai, kuibadilisha, kukufungia nje, au kufanya jambo baya zaidi nitakalolieleza sasa hivi.

Simu yako inapotaka kufika kwenye tovuti ya benki haijui njia. Huuliza kwanza: jina hili liko kwenye anwani gani ya namba? Kwa kawaida rauta ndiyo inayoamua nani aulizwe. Mwenye mamlaka juu ya rauta akiweka muulizwa wake, unaweza kuandika jina sahihi la benki, herufi kwa herufi, ukapelekwa kwenye ukurasa bandia. Nchini Brazil, mwaka 2011, wahalifu walitumia kasoro iliyokuwa ndani ya modemu za nyumbani na kugeuza mpangilio huo katika modemu zaidi ya milioni 4. Walioathirika hawakubofya kiungo chochote cha ajabu; walikwenda kwenye tovuti zao za kila siku.

Tangu wakati huo kinga imeongezeka. Kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, usibonyeze kuendelea. Funga ukurasa, zima waifai, jaribu kwa bando lako. Ijulikane pia kwamba menyu ya pesa ya simu, kama ile ya *150*00#, haipiti kwenye waifai kabisa, bali kwenye mtandao wa kampuni ya simu. Kwa hiyo rauta iliyochezewa haiwezi kuigusa. Programu na tovuti za benki ndizo zinazopita humo.

Tiba ya ufunguo wa pili ni kuweka nywila mpya, tofauti na ile ya waifai, kisha kutafuta sehemu ya kusasisha programu ya ndani ya rauta na kuibonyeza. Sasisho ndilo linaloziba kasoro za namna ya zile za Brazil. Lakini kuna kijitundu nyuma ya rauta ambacho huifuta nywila hiyo mpya. Umeme ukikatika na kurudi, rauta ikagoma, mtu huchukua pini akabonyeza kijitundu hicho kwa sekunde kadhaa. Vijana nao hufanya hivyo wakisahau nywila, kwa kuwa wanajua rauta itarudi kwenye ile ya kibandiko. Intaneti inarudi, nyumba nzima inashukuru, na "admin" naye amerudi kazini. Anayebonyeza pini lazima arudie mpangilio wote siku hiyohiyo. Kabla ya kufika huko, jaribu kuchomoa waya wa umeme, subiri kidogo, uchomeke tena. Mara nyingi hilo linatosha.

Ufunguo wa tatu ni akaunti ya kamera. Ili uone picha ukiwa mbali, programu ya kamera hufunguliwa akaunti kwa barua pepe au namba ya simu. Je, fundi alitumia ya nani? Kama alitumia yake na kukushirikisha wewe, yeye ndiye mwenye kamera. Wewe ni mtazamaji. Anaona ulivyotoka asubuhi, anajua msimamizi analala saa ngapi, na akiuza simu yake bila kuisafisha, mnunuzi naye anaweza kuona.

Tena kamera yenye nywila ya kiwandani ina madhara kwa watu usiowajua. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka dunia ikijaribu jozi zipatazo 60 za majina na nywila za kiwandani kwenye kamera na rauta. Kila kifaa kilichofunguka kiliandikishwa katika jeshi la vifaa vinavyoamriwa na wahalifu. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Mwingereza Daniel Kaye, aliyekuwa amelipwa kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar MTN ya Liberia, alitumia jeshi la vifaa vya namna hiyo, zikiwamo kamera za ulinzi, hadi intaneti ya nchi ile ikazorota vibaya. Januari 2019 mahakama ya London ilimhukumu kifungo cha miezi 32. Wenye zile kamera hawakujua lolote. Zao ziliendelea kuonyesha geti kama kawaida.

Ufunguo wa nne ni laini iliyo ndani ya rauta. Tangu usajili wa alama za vidole ulipofikia ukomo Januari 2020, kwa kawaida laini ina mwenyewe kwa kitambulisho cha NIDA. Ikiwa fundi au muuza duka alikuletea laini iliyokwisha kusajiliwa, basi mwenyewe si wewe. Akiifunga, kamera zinazimika. Ikitumika vibaya nyumbani kwako, maelezo yanakuwa marefu. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ya rauta isipokuwamo, nunua nyingine. Ikitokea usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika iondolewe.

Simtuhumu fundi yeyote. Wengi ni vijana waaminifu wanaofanya kazi vizuri na kuombwa tena na jirani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inaharamisha kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini. Lakini sheria huja baada ya kosa, na shaka haijengi urafiki. Makabidhiano ya wazi ndiyo yanayomlinda fundi pia: siku kitu kikiibwa, hatakuwa wa kwanza kutazamwa.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kutoa malipo ya mwisho kaa naye mezani. Fungua akaunti ya kamera kwa barua pepe yako, badilisha nywila zote tatu kwa mkono wako naye akiangalia pembeni, hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako. Kama rauta ina mtandao wa wageni, uwashe, na huo ndio uwape wapangaji, msimamizi na wageni. Simu unayofanyia mambo ya benki na kamera zibaki kwenye mtandao mkuu. Andika nywila kwenye daftari ulifungie kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Na kama kamera zako zilishafungwa zamani, fanya kazi hii Jumamosi hii, usingoje.

Wiki ijayo: jinsi namba yako ya simu inavyoweza kuhamishiwa kwenye laini ya mtu mwingine wakati simu yako ungali umeishika.