Wanatafuta nini ku ziwa bila ndoo wala wavu?



Juma lililopita, katika somo la jeografia ya mwaka wa tatu, tulifungua kitabu tukaona picha ya ziwa moja la Ufaransa. Watu wazima wamelala ku mchanga mchana kweupe, watoto wanarushiana maji, hakuna wavu, hakuna ndoo, hakuna mama anayefua. Mwanafunzi mmoja akauliza: «Mwalimu, hawa watu wanatafuta nini pale?» Kilasi yote ilicheka. Lakini swali lilikuwa zuri, na kengele ikalia mbele sijajibu. Basi ninajibu hapa.

Ziwa lile linaitwa Chambon. Liko Auvergne, katikati ya Ufaransa. Mji mkubwa wa kule ni Clermont-Ferrand, kwenye kiwanda cha Michelin kilizaliwa mwaka 1889, na jina hilo munalisoma ku pneu za magari ya hapa. Ukitoka mjini kidogo tu, ni mashamba, majani, ng'ombe, na vijiji vidogo vya nyumba za mawe meusi. Mawe meusi juu ya nini? Mutu wa Goma angejibu bila kufungua kitabu: ni mawe ya volkano. Na kama vile Masisi, watu wa kule wanafanya fromage nzuri sana, ile ya Saint-Nectaire. Kwa hiyo ukisema kuko maziwa mingi Auvergne, unasema kweli mara mbili.

Karibu na Clermont kuko volkano 80 hivi, zimepangwa mstari mmoja kama wanafunzi asubuhi mbele ya bendera. Ule mrefu kupita yote unaitwa Puy de Dôme, meta 1465. Mwaka 2018 UNESCO iliiandika milima ile katika urithi wa dunia. Imelala yote. Moto wa mwisho ulitoka miaka karibu 7000 iliyopita. Lakini ni moto ule uliochimba na kuziba mahali pale, na ndiyo maana maziwa yako pale.

Tuangalie ziwa la Aydat kwanza, kwa sababu historia yake ni kama ya kwetu. Miaka 8000 na zaidi iliyopita, lava ilitoka ku milima miwili, ikashuka bondeni na kuziba mto mdogo wa Veyre. Maji yakakosa njia, yakajaa nyuma ya lava, ikawa ziwa. Sasa mukumbuke somo la Kivu: zamani maji ya upande huu yalikuwa yanakwenda kaskazini, volkano za Virunga zikasimama katikati na kufunga njia, maji yakapanda mpaka yakapata mlango kusini, ndio Ruzizi. Ni kazi ileile. Tofauti ni kipimo tu: Aydat ina kina cha meta 15, Kivu inapita meta 470.

Chambon vilevile ni bonde lililozibwa, lakini kina chake hakifiki meta 7. Mutu mzima anatembea mbali ndani ya maji mbele yafike kifuani. Ndiyo maana wazazi wanapenda kupeleka watoto kule.

Ziwa Pavin ni kitu kingine kabisa. Hilo halikuzibwa. Pale moto wa chini ulikutana na maji ya udongo, vikapasuka kama mzinga, likabaki shimo la mviringo, na shimo likajaa maji. Ukiliona toka juu ni kama sahani: upana wake haufiki kilometa moja, na msitu umelizunguka. Lakini kina chake ni meta 92! Hakuna mteremko wa polepole. Unapiga hatua chache, halafu chini ya mguu hakuna kitu. Watu wa zamani walisema mji mzima ulizama mule juu ya zambi zake, na kwamba ukitupa jiwe ndani, dhoruba inatoka. Hadisi ni hadisi, lakini mimi ninaona wazee wale walitafuta njia ya kukataza watoto kuchezea mahali pale.

Sasa juu ya lile swali: wanatafuta nini? Kule mutu wa kiwanda au wa biro anafanya kazi mwaka muzima ndani ya nyumba, na majira ya baridi ni marefu. Zamani hakukuwa na vakansi kwa mfanyakazi. Sheria ya mwaka 1936 ndiyo iliwapa juma mbili kwa mwaka zenye kulipwa. Tangu 1982 ni juma tano. Mwenye mali anakwenda mbali. Mwenye kidogo anafunga hema ku gari lake, anachukua watoto, anakwenda ku ziwa la karibu. Aydat ni kama kilometa 20 tu toka Clermont. Pale wanatembea kuzunguka maji, wanasukuma vimashua vya kukanyaga kwa miguu kama velo, wanafungua tanga, wanaoga, wanakula chakula cha kikapu. Kuko pia wanaovua, lakini lazima wanunue karatasi ya ruhusa, na samaki mdogo wanamrudisha majini. (Mama yangu aliposikia habari hii ya kurudisha samaki, alinyamaza, akaendelea kuchambua sambaza zake.)

Na musifikiri jambo hili ni la juzi. Katika karne ya 5, Sidonius Apollinaris, aliyekuja kuwa askofu wa Clermont, aliandika barua juu ya nyumba yake kando ya ziwa moja. Wataalamu wengi wanaona ndilo Aydat. Anaeleza wavuvi na nyavu zao, anaeleza pia namna wageni walishindana kwa mitumbwi wakizunguka kisiwa kidogo. Kisiwa kidogo kiko pale mpaka leo.

Sasa tufike ku neno lililonifanya nichukue kalamu. Watu wale hawaingii majini ovyo. Ku plaji ya Chambon na ya Aydat, wakati wa joto, kuko walinzi wanaojua kuogelea na kuokoa, na kuko mlingoti wenye bendera. Kijani: walinzi wako, maji hayana shida kubwa. Manjano: walinzi wako, lakini kuna hatari, ujiangalie. Nyekundu: hakuna kuingia, hata kama unajua kuogelea kama samaki. Na kama hakuna bendera yoyote, maana yake hakuna mutu anayekuangalia. Mwenye kuamua ni meya wa kijiji. Ku Pavin, wamekataza kuoga kabisa. Unazunguka kwa miguu, inachukua saa moja hivi, unaangalia, unarudi.

Mara nyingine bendera nyekundu inapanda hata siku ya jua zuri, maji yametulia. Juu ya nini? Aydat, miaka fulani, maji yanageuka ya kijani kama supu ya lengalenga. Ni vijidudu vidogo sana vinavyoongezeka wakati wa joto kwa sababu mbolea ya mashamba, mavi ya ng'ombe na maji machafu ya nyumba yanashuka na mvua mpaka ziwani. Vijidudu vile vinaweza kutoa sumu: ngozi inawasha, tumbo linauma, mbwa akinywa anaweza kufa. Ofisi ya afya inapima maji, meya anafunga plaji, na watu wanakasirika kwa sababu vakansi yao imeharibika. Lakini wanabaki inchi kavu.

Kuko na neno la chini pia. Ndani ya Pavin, kuanzia meta 60 hivi, maji ya chini hayachanganyiki na ya juu. Hayana oksijeni, samaki haishi mule, na yanashika gesi. Kivu vilevile imepangwa kwa vitanda vya maji visivyochanganyika, na chini kuko gesi mingi sana, ya kuwaka na ile ya mazuku. Wataalamu wamepima Pavin na kuona gesi yake si nyingi kama ya ziwa Nyos la Kameruni, lililoua watu zaidi ya 1700 usiku wa tarehe 21 Agosti 1986. Hata hivyo wanaendelea kulipima.

Sisi tunakaa kando ya Kivu, na kwetu kufika ku maji ni kazi ya kila siku: kuteka, kufua, kuoga. Hakuna anayepanga walinzi kwa kufua. Lakini mwaka jana, siku ya Jumamosi, wavulana wawili wa internati walishindana nani atagusa chini. Pale kwetu ukingo ni kama wa Pavin: hatua tatu, halafu shimo. Mmoja tulimvuta amekwisha kunywa maji mingi, akatapika mpaka machozi, akapona. Siandiki jina lake. Anajijua, na ndiye aliyecheka kwa sauti kupita wote ku picha ya Chambon.

Niliongea na Bwana Prefe juu ya mlingoti. Amekubali. Kuanzia Jumamosi ijayo wakubwa wawili wa mwaka wa sita wenye kujua kuogelea watasimama kando ya maji toka saa nane mpaka saa kumi, na nje ya saa zile hakuna kuoga. Wasichana wa ushonaji wamepata kitambaa chekundu na cha manjano. Cha kijani kinakosekana. Mwenye nacho nyumbani, hata kipande cha kikwembe kizee, akilete kwa sekretere mbele ya Ijumaa.