Kichwa Kipya, Karakana Tupu

Kuanzia 1931 hadi 1958 treni ilikuwa ikifika Kalundu, bandari ya Uvira, mwendo mfupi tu kaskazini mwa kijiji chetu cha Makobola, Kongo ya mashariki. Njia hiyo ilikuwa ya kampuni iliyojulikana kama CEFAKI, Reli ya Kivu, na ilifuata bonde la Ruzizi kwa kilomita tisini na kitu hadi Kamanyola, chini ya milima. Waliowahi kuisikia ikipiga filimbi sasa ni wazee wa kuhesabika. Kijana anayetoka Baraka leo kwa barabara ya taifa namba 5 anapita Mboko, anapita Makobola, anafika Kalundu na kuingia Uvira mjini, wala hajui kwamba pwani hii ya ziwa iliwahi kuwa na reli.

Hata michezo ya watoto inalionyesha hilo. Huku kwetu, kama ilivyo sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto hujiundia mwenyewe gari la kuchezea. Anatafuta waya, anaukunja kwa jiwe au kwa koleo ya kuazima mpaka apate fremu. Bodi anaikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu anayachonga kwenye soli ya kandambili iliyokatika, kisha anafunga usukani kwenye fimbo ndefu ili aliendeshe akiwa wima. Mwangalie kwa makini, utaona anakijua anachokiiga: lori analipa chesisi ndefu na kamba za kufungia mzigo, pikipiki anaiwekea keria imara ya magunia. Treni huioni. Mtoto huiga kinachopita mbele ya macho yake, na mbele ya macho ya mtoto wa Makobola treni haijapita kwa zaidi ya miaka sitini.

Tukizungumza juu ya kuporomoka kwa reli katika nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, mazungumzo hukimbilia kwenye vichwa vya treni: vimechakaa, vimekwisha, serikali inunue vipya. Wakubwa nao hujibu kwa lugha hiyohiyo. Hununua, hupigwa picha bandarini, hukata utepe. Miaka michache baadaye tunarudi palepale. Mimi naamini tumekuwa tukijadili bei na ubora wa kichwa kabla ya kujadili mambo yanayoamua vyote viwili: nani atakitunza, kwa vipuri gani, na kitavuta mzigo gani wa kukilipia.

CEFAKI haikuuawa na ubovu wa injini. Nia ya mwanzo ilikuwa kuunganisha Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu, lakini kati ya Kamanyola na Bukavu pana ukuta wa milima. Tanganyika liko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, Kivu liko karibu mita 1,460. Reli ikakomea chini. Kwa hiyo gunia lililotoka Kigoma lilishushwa melini Kalundu, likapandishwa behewani, likashushwa tena Kamanyola, likapandishwa kwenye lori ili lifike Bukavu. Kila kupakia na kupakua kuna wapagazi wa kulipwa, kuna siku inayopotea, kuna gunia linalopasuka. Lori lililoweza kubeba mzigo Kalundu na kuufikisha Bukavu bila kuugusa njiani lilikuwa limeshashinda. Njia ikafungwa 1958, miaka miwili kabla ya uhuru, wakati ambapo huku hapakuwa na vita wala uasi. Inafaa tulikumbuke hilo kila tunapotaka kuitwisha vita lawama yote.

Upande wa kusini palikuwa na mfumo mzito zaidi. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma 1914. Reli ya Wabelgiji kutoka Kabalo, kando ya mto Lualaba, ilifika Kalemie, wakati huo Albertville, mwaka 1915. Katikati yao lilikuwa ziwa na meli zake. Makubaliano ya 1921 yaliwapa Wabelgiji sehemu zao za bandari Dar es Salaam na Kigoma, zile zilizokuja kuitwa Belbase, na mzigo wa Kongo ukawa unapita humo. Mwaka 1955 njia ya Kalemie ilitolewa kwenye upana wa mita moja ikawekwa kwenye upana wa milimita 1,067, na mwaka uliofuata ikaungana na Kamina na njia za Katanga. Ulikuwa mfumo wa mkoloni, uliojengwa kuhamisha mali ya watu wengine, na sina sababu ya kuusifu. Lakini ulikuwa na kitu ambacho warithi wake walikiacha kiende: karakana zenye mafundi wanaolipwa.

Shirika la reli la Kongo, SNCC, liliundwa 1974 kwa jina la SNCZ. Lilirithi mtandao wa kilomita zaidi ya 3,600, pamoja na kipande cha Katanga kati ya Likasi na Tenke kilichotiwa umeme 1952, miongoni mwa vya mwanzo kabisa duniani kutumia umeme wa volti 25,000. Wenye ujuzi wa kuendesha mitambo hiyo walikuwapo. Mwaka 1995 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya Sizarail, na 1997 serikali mpya ya Laurent-Désiré Kabila ikauchukua tena. Vita vya 1998 vikaiweka Kalemie upande mmoja wa mstari wa mapigano na Lubumbashi upande mwingine. Wafanyakazi walikaa miezi na miezi bila mshahara, na fundi asiyelipwa hutafuta riziki kwingine akiondoka na alichojifunza kwa miaka ishirini. Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa usafiri wa dola milioni 255 ambao SNCC ilikuwa mlengwa wake mkubwa, na vichwa vipya vikanunuliwa. Treni haijarudi kuwa mgongo wa uchumi wa Kongo ya mashariki.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye jibu. Kichwa cha dizeli cha siku hizi ni mtambo wa kufua umeme uliowekwa juu ya magurudumu. Injini ya dizeli inazungusha jenereta, umeme wake unaendesha mota zilizoshikamana na ekseli. Vumbi likipita kwenye chujio lililochoka, turbo inaumia. Maji ya kupozea yakiwa machafu, injini inachemka mlimani. Reli ikiwa imepinda na mataruma yameoza, kila mtikisiko unagonga beringi za mota. Matatizo haya yote yana dawa, na dawa zake si ghali ukilinganisha na bei ya kichwa kizima: chujio, oili, beringi, na mtu anayejua lini afungue na lini aache. Vikikosekana, kichwa cha kwanza kinaegeshwa kisubiri kipuri. Cha pili kikiharibika, fundi anafungua kifaa cha kile cha kwanza. Baada ya muda una vichwa viwili vibovu na kimoja kinachotembea kwa viungo vya wenzake, na kwenye daftari la shirika bado vinaandikwa vitatu.

Tazara ilipita njia hiyo mbele ya macho ya dunia nzima. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa na Wachina na kukabidhiwa 1976, ikiwa na vichwa vya dizeli vya mfumo wa haidroliki vilivyotoka nao China. Kwenye miinuko ya kupanda kutoka Mlimba kwenda Makambako vichwa hivyo vilielemewa. Miaka ya 1980 ikabidi baadhi vitiwe injini za Kijerumani, na vichwa vya muundo wa General Electric vikaletwa. Wengi wanaishia hapo: vichwa havikufaa, vikaletwa vinavyofaa. Lakini angalia mzigo. Mwaka 1977 Tazara ilibeba zaidi ya tani milioni moja. Mwaka wa fedha 2014/15 haikufikisha hata tani 90,000. Hakuna ubora wa injini unaoeleza anguko la namna hiyo. Zimbabwe ilipopata uhuru na baadaye ubaguzi ulipokwisha Afrika Kusini, shaba ya Zambia ilipata njia nyingine, malori yakaongezeka barabarani, na fedha ya kutunza reli ikapungua pamoja na mzigo. Mwaka 2025 kampuni ya China ikatia saini kuifufua kwa mpango wa dola bilioni 1.4. Vichwa vipya vimo kwenye mpango huo, na ni haki viwemo. Mimi ningesoma kwanza ukurasa wa karakana.

Kenya na Uganda zilijaribu njia ya bei nafuu. Kampuni ya Rift Valley Railways, iliyopewa reli ya zamani ya nchi hizo mwaka 2006, ilileta vichwa 20 vilivyokarabatiwa kutoka Marekani kwa takribani dola milioni 25. Vilikuwa vya aina ya B23-7, iliyotengenezwa kati ya 1977 na 1984. Bei hiyo ilikuwa nzuri, kwani kichwa kipya huwa na thamani mara kadhaa ya hapo. Hata hivyo 2017 mkataba ulivunjwa. Tanzania nayo ilikuwa imeipa kampuni ya India, RITES, asilimia 51 ya shirika la reli mwaka 2007, ikatumia vichwa na mabehewa ya kukodi kutoka India, ikapitia migomo ya wafanyakazi, na 2011 serikali ikazirudisha hisa mikononi mwake. Kisha Julai 2017 Rais John Magufuli akahoji hadharani habari ya vichwa vya treni vilivyokutwa bandarini Dar es Salaam bila mwenyewe kujulikana. Nchi ilikuwa na njaa ya vichwa, na vichwa viko bandarini vinapigwa jua. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa ununuzi uliotengana na kazi.

Dereva wa pikipiki wa Makobola hafanyi kosa hilo. Akitaka kununua, haangalii bei ya dukani peke yake. Anauliza kama vipuri vyake vinapatikana Baraka, kama fundi wa kijijini anaifahamu injini yake, na kama itahimili gunia na abiria kwenye tope la masika. Pikipiki nzuri isiyo na vipuri ataiacha, achukue ya wastani ambayo kila fundi barabarani anaijua.

Hata wale wanaonunua treni ndogo za kuweka mezani wamefika kwenye hesabu hiyo. Uingereza kuna mapenzi makubwa ya vichwa vidogo vya treni, na kampuni ya Hornby, iliyokuwa na kiwanda Margate, ilihamishia utengenezaji China miaka ya 1990. Vichwa vikapendeza kwa urembo wa kila nati na kila herufi, bei ikaendelea kupanda, na wanunuzi wa miaka mingi wakawa wanalalamikia mota zake zikiharibika na ugumu wa kupata kipuri kidogo. Kichwa cha mezani kikiharibika, hasara inaishia mfukoni mwa mtu mmoja. Kwetu hasara hiyo inafika hadi kwenye bei ya chumvi.

Anayedhani uzee wa chombo ndio ugonjwa na aitazame Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa meli na reli hadi Kigoma, ikaelea 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916. Waingereza waliiinua kutoka chini ya maji 1924 na kuirudisha kazini 1927. Miaka ya 1970 ikatolewa mitambo ya mvuke ikatiwa dizeli. Imehudumia watu wa ziwa hili kwa vizazi, wakiwemo wakimbizi wa vita vyetu, kwa sababu kila mara pale Kigoma palikuwa na mtu aliyejua kuifungua na kuifunga tena. Matengenezo yalipochelewa, nayo ikasimama, kama chombo kingine chochote.

Makobola haina stesheni, lakini inaulipia kila mtambo uliolala. Saruji inayotoka Tanzania hushuka Kigoma, hupakiwa kwenye boti za mbao, huvuka hadi Baraka au Kalundu, kisha hugawanywa kwa malori na pikipiki katika vijiji vya pwani. Treni ikiwa ya uhakika, mfuko huo umetembea kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya bei ya chini. Treni ikiyumba, umekuja kwa lori, na tofauti inaongezwa kwenye bei kabla boti haijang'oa nanga. Juu yake zinaongezwa gharama za vizuizi vya barabarani, hofu ya usalama, na tangu 2020 maji ya ziwa yaliyopanda na kuzivamia Kalundu na Baraka. Anayejenga chumba kimoja cha matofali Makobola analipia vyote hivyo, mfuko kwa mfuko.

Sasa limekuja tumaini jipya. Treni ya umeme ya Tanzania inatembea kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, ikitumia vichwa na treni zilizoagizwa Korea Kusini kwa mkataba wa karibu dola milioni 296. Januari 2025 ukatiwa saini ujenzi wa njia kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, kilomita 282, kwa zaidi ya dola bilioni 2. Mpango mrefu unataka ivuke Burundi, iingie Uvira, iende mpaka Kindu. Likitimia, treni itarudi jirani na Makobola, na mimi nalitamani kwa moyo wote.

Lakini reli hiyo ni ya upana wa milimita 1,435. Itakapofika Kindu itakutana na ya SNCC yenye milimita 1,067, na mzigo utashushwa na kupandishwa tena, kama ulivyokuwa ukishushwa Kamanyola. Vichwa vyake vitahitaji umeme usiokatika, katika mkoa ambao miji yake hulala gizani mara kwa mara. Vitahitaji vijana wa Uvira na Fizi waliofundishwa kuvifungua, kabla havijafika. Wabunge wetu wakiletewa mkataba huo mezani, waanze na haya: karakana itajengwa mji gani, mafundi wangapi watasomeshwa na kwa fedha za nani, na vipuri vya miaka kumi ya kwanza vimeandikwa kwenye bajeti ipi.